Mama Akiitwa, Simama

Roret,
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Mpendwa Kogo,

Bwana asifiwe. Mwanao Weldon alifika jana jioni salama, na nilipomwona akishuka kwa pikipiki bila mwanetu begani nilirudi jikoni nikakatakata vitunguu ambavyo sikuwa na kazi navyo. Alidhani ni vitunguu vinavyoniliza. Mwache adhani hivyo.

Ni wewe, nyanya yake, uliyesema mtoto wa miaka miwili anayenyonya huku akidai chai yenye sukari si mtoto tena, ni mzee wa kijiji, na kwamba hataacha titi mpaka alale mbali na harufu yangu. Nimekubali. Nimejifunga majani ya kabichi kifuani kama ulivyoagiza na kusema kweli yanasaidia, ingawa nikikaa karibu na jiko nanukia kama sufuria ya harusi.

Naandika kwa sababu kwenye simu wewe husikia upepo tu, na maneno nikimtuma Weldon huyapunguza nusu njiani. Bwana Nyaberi wa ndizi huja soko la Roret kisha hufika Silibwet, na amekubali kubeba barua zetu ndani ya ile kofia yake nyekundu. Anasema hapo hazilowi.

Sasa nisikilize, yaani nisome. Isaiah hunywa uji wa wimbi asubuhi, uliopoa. Mursik, yale maziwa yenu ya mgando, asipewe, tumbo lake halijazoea. Kabla ya kula lazima aombe. Ana ujanja wa kusema "Amina" kwanza ili ale haraka, usikubali, mrudishe mwanzo. Kwenye poti hukaa akiangalia nyuma, usimgeuze, atakataa kazi. Leso yangu ya maua ndiyo alalie. Akiniita, huniita eiyo, jinsi Weldon alivyomfundisha, nami nalipenda neno hilo kuliko majina yangu yote. Mwambie eiyo yuko Roret na anamwombea.

Watu wananiuliza nitarudi lini kazini kule saluni. Nawaambia kazi ninayo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi huyu nataka niwepo nione anavyokua. Nyumba yangu imepigwa deki, managu yangu ya mboga yameota nyuma ya choo cha zamani utadhani yalipandwa na malaika, na mume wangu akitoka kwenye lori la majani chai hupata chakula cha moto. Sioni haya hata kidogo.

La mwisho. Uliuliza, kwa kinywa cha Weldon, kama siku ya kumweka mtoto mbele ya Bwana hapo kanisani kwenu, tarehe moja Septemba, upande wetu utaleta mtu. Kogo, wazazi wangu wamelala. Aliyebaki ni Gichuki, kaka yangu, aliyenilea na kunisomesha, mwenye duka la saruji na misumari pale Litein. Kutoka kwake hadi kwangu chai haipoi, na tangu niolewe hajakanyaga. Alisema hawezi kukaa meza moja na watu waliochoma duka la baba mwaka ule wa fujo za kura. Nikamwambia Weldon alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Akasema kwake wote ni wamoja. Nami nikamwambia basi kwangu amekufa. Nimeshamsamehe, lakini sitaenda kumbembeleza. Jina lake halitajwi nyumbani mwangu. Tuliache hapo.

Mbusu mtoto kwenye shingo, nyuma, pale penye nywele laini.

Wako,
Cate Wakonyo


Silibwet,
Alhamisi, 15 Agosti 2024

Bot Isaiah,

Chamgei, salamu zangu kwako uliyemzaa Isaiah. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani, mara ya pili kwa kicheko. Nimelea watoto wangu wote bila karatasi ya maagizo, na mmoja wao ndiye huyo uliyemwona mzuri ukamchukua.

Mursik alikunywa siku ileile aliyofika, barua yako ikiwa bado kwenye kofia ya Nyaberi, kwa hiyo hilo si kosa langu. Alikunywa kikombe kizima, akapata masharubu meupe, akaomba kingine. Tumbo halikusema lolote. Kuhusu Amina, alijaribu ule ujanja. Nilijifanya sijasikia, na kwa mtu wa masikio yangu hilo si kazi ngumu. Akaanza upya, akaombea ng'ombe wote.

Usiku wa kwanza alililia titi, tukalia pamoja. Usiku wa pili alilia kidogo. Jana alimlilia ndama, nikajua tumeshinda. Usije sasa. Akinusa harufu yako kabla ya wiki mbili kuisha tutaanza mwanzo kama ile Amina.

Sasa niseme neno, na usinijibu haraka. Mtoto anamtaka mama. Nimeliona kwa macho yangu, na macho hayajaziba. Jumapili ile mama lazima awepo. Nimekaa kanisani hapa tangu lilipokuwa la udongo, na mtoto kusimamishwa mbele ya Bwana bila mama sijaona, hata kwa watu wasio na kitu. Mama akinuna, anafuatwa. Mama akiona aibu, anashikwa mkono. Mama huyu ana kiburi, hilo tunalijua sote. Lakini ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na wa kuinama kwanza ni wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeokoka zaidi, au ndivyo unavyoimba.

Nakutumia maharagwe. Nyaberi akifika na pungufu, ujue ameyala.

Kogo,
Rebeccah


Roret,
Jumamosi, 17 Agosti 2024

Kogo,

Nimejizuia siku nzima ili nisikujibu haraka. Sasa imefika jioni, kwa hiyo si haraka tena.

Unasema mama lazima awepo. Kwani mama alikuwa anaenda wapi? Ni nani aliyekuambia mama wa mtoto huyu hatakuwepo? Nimeshona nguo yake ya kusimamia kanisani kwa mkono, kola na vifungo, kwa sababu cherehani ya jirani iliharibika. Nimesema nitapika mukimo wa watu wote na nitaubeba mpaka Silibwet kwenye beseni. Halafu unaniandikia kuhusu mama mwenye kiburi, mama anayenuna, mama wa kushikwa mkono, kama vile unamzungumzia jirani! Kama una neno nami, niambie, "Cate, umekosea hapa na hapa." Mimi ni mtu wa kuambiwa. Nimekuheshimu tangu siku ya kwanza na unajua.

Na kama mtoto ananitaka, basi yameisha. Nitakuwa hapo Jumatano asubuhi nimchukue. Aendelee kunyonya mpaka aote ndevu, ni mtoto wangu. Sikumzaa ili asimame mlangoni pa watu akinililia.

Maharagwe yamefika. Asante. Yalikuwa pungufu.

Cate Wakonyo


Silibwet,
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Bot Isaiah, Bot Isaiah, Bot Isaiah,

Funga huo mkoba wa safari. Weka maji ya chai. Kaa chini.

Nimesoma barua yako nikashika kichwa. Nimemwita jirani asome naye, isije ikasemwa ni uzee wangu. Akasoma akaanguka kwenye kiti. Binti yangu, nilisema mama. Sikusema wewe! Wewe ni eiyo.

Kwetu sisi, mama ni yule kaka ya mama mzazi. Yule ambaye vitabu vya shule humwita mjomba. Mimi nikiandika Kiswahili kichwa changu hubaki nyumbani, mkono tu ndio huenda safari. Mama wa mtoto ni mtu mkubwa. Kijana haoi, haingii jandoni, hapewi baraka, kabla mama wake hajakohoa. Nilikuwa nakuambia umwinamie Gichuki, nawe ukadhani nakuita mwenye kiburi. Ingawa hilo nalo si uongo.

Na sasa nikueleze nilichokiona. Siku Nyaberi alipoleta barua yako ya kwanza, Isaiah alikuwa anacheza na magunzi uani. Alipoiona ile kofia nyekundu mlangoni, alitupa magunzi, akakimbia, akamkumbatia yule Mkisii miguuni akipiga kelele, "Mama! Mama!" Mtu mzima mwenye ndevu na mkungu wa ndizi begani! Nyaberi alisimama akiniangalia kama aliyeshtakiwa wizi. Akasema, "Mimi sijui huyu mtoto ana nini na mimi." Baadaye mtoto akamwangalia usoni vizuri, akaona siye, akaanza kulia. Tangu hapo kila jioni huenda mlangoni, husimama, husema "mama," husubiri.

Mwanzoni nilidhani anakuita wewe kwa Kiswahili. Lakini wewe akikuota hukuita eiyo, namsikia hata kwa sikio hili bovu kwa sababu tunalala kitanda kimoja. Ndipo nikakumbuka ile picha jikoni kwako, juu ya kabati la vyombo. Mwanamume mbele ya mifuko ya saruji, kofia nyekundu kichwani. Nilipokuja Krismasi nilikuuliza ni nani huyo, ukaniambia ni ya kufunika ufa kwenye ukuta.

Jina lake halitajwi nyumbani mwako, sawa. Na hukulitaja. Ulimfundisha mtoto kusema mama.

Kogo


Roret,
Jumanne, 20 Agosti 2024

Mpendwa Kogo,

Nyaberi anasubiri nje, kwa hiyo nitasema yote bila kupamba.

Nisamehe kwa barua ile ya hasira. Weldon alipoisikia alicheka mpaka akakosa pumzi. Yeye huwaita wajomba zake "anko," ndiyo maana sikujua. Sikujua kabisa kwamba nanyi mnasema mama! Hilo neno ni letu, Kogo. Gikuyu tunasema hivyohivyo. Kaka ya maitu, yaani eiyo wenu, ni mama. Nimeishi nanyi miaka hii yote nikihesabu tunayotofautiana, chakula, salamu, hata namna ya kufua, na kumbe neno hili tulikuwa nalo sote.

Ni kweli nilimfundisha. Nilikuwa napangusa vumbi akiwa mgongoni, akanyoosha kidole kwenye picha. Mtoto akiuliza unajibu. Jina nilikuwa nimelikataza mwenyewe, nikasema, "Huyo ni mama." Kesho yake akauliza tena kwa kidole kilekile. Ikawa mchezo wetu tukiosha vyombo. Anasema mama, mimi nasema ndiyo, tunaendelea na sufuria.

Namkosa kaka yangu, Kogo. Nimechoka kusema simkosi. Ugali wa kwanza niliowahi kupika ulikuwa mbichi katikati, na alikula wote akaniambia ni mzuri.

Lakini nakuomba kwa jina la Yesu, usimwandikie. Aliniambia nisimtafute mpaka nirudi peke yangu, bila Weldon. Akikukataa wewe, itaniuma kuliko aliponikataa mimi. Sitakuja Jumatano. Mtoto abaki hadi siku ile.

Wako,
Cate


Silibwet,
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Kwa Mama Gichuki, Litein

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Rebeccah, mama mzazi wa Weldon aliyemwoa dada yako Wakonyo. Barua hii inaletwa na mtu wa ndizi, na ukitaka kujibu atasubiri, kwa sababu nimeshamlipa kwa mahindi mabichi.

Sina maneno mengi. Mtoto wa dada yako ana miaka miwili, yuko kwangu anaachishwa kunyonya. Jina lake ni Isaiah Kipkosgei. Anakuita. Kila jioni anasimama mlangoni na kusema mama, na hamwiti mwanamke, anamwita mwanamume mwenye kofia nyekundu. Tarehe moja Septemba tunamweka mbele ya Bwana. Kwetu hatumsimamishi mtoto bila mama wake. Nasikia hata kwenu iko hivyo, kwa hiyo sihitaji kukufundisha.

Njoo.

Rebeccah


Litein,
Jumatano, 21 Agosti 2024

Kwa Mama Rebeccah,

Salamu nimepokea. Kwanza, umeandika "Mama Gichuki" juu ya bahasha, na vijana wangu wa dukani wameniita hivyo tangu asubuhi hadi sasa. Najua maana yake. Wao hawajui.

Mimi ni mtu wa biashara na huwa nasema wazi. Mtoto wa miaka miwili akisema mama anamtaka mama yake aliyemzaa. Hanijui. Hajawahi kuniona. Ukiniambia ananiita mimi, naona kama unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe ni mtu wa heshima, kwa hiyo sitasema zaidi.

Baba yangu alikufa baada ya duka lake kuungua, na hakuungua nalo, alikufa kwa kulifikiria. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Cate alikuwa mdogo, hakumbuki vile mimi nakumbuka. Alipokuja kuniambia anaolewa upande wa Bomet, nilisema maneno. Yeye naye alisema yake. Aliniambia kwake nimekufa, na mtu aliyekufa hahudhurii sherehe.

Lakini nina swali moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Ukisema anamwita mtu mwenye kofia nyekundu, ni nani aliyemwambia mtoto kwamba mimi huvaa kofia nyekundu?

G. Gichuki


Silibwet,
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Mama Gichuki,

Nimepata barua yako, na ya dada yako ya kunikataza nisikuandikie nimeipata pia. Imechelewa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mkuu ni mimi na asiyesikia ni mimi, kwa hiyo guu langu liko salama.

Umeuliza, nakujibu. Jikoni kwa Wakonyo, juu ya kabati la vyombo, kuna picha yako. Umesimama mbele ya mifuko ya saruji, kofia nyekundu kichwani, umekunja uso kama mtu anayedaiwa tabasamu. Kila siku dada yako akiosha vyombo, mtoto humwonyesha picha hiyo kwa kidole, naye humwambia, "Huyo ni mama." Wageni wakiuliza, anasema picha inafunika ufa wa ukuta. Mimi pia aliniambia hivyo. Huyo ndiye mtu unayesema umekufa kwake.

Siwezi kukurudishia duka la baba yako, na siwezi kumrudisha yeye. Nikisema naweza, utajua mimi ni mwongo. Naweza kukupa chai, na kiti, na mtoto wa kukalia mapaja yako. Ndivyo nilivyo navyo. Hukuniuliza kama mwaka ule nililala usingizi, na sitakuambia, tutazungumza ukija.

Kama unaogopa macho ya watu, kaa nyuma karibu na mlango. Mchungaji hatakuuliza. Hakuna atakayekugusa wala kukusukuma mbele. Lakini nakuomba hili moja kama mzee kwako: siku hiyo, mama akiitwa, simama.

Rebeccah


Silibwet,
Jumanne, 3 Septemba 2024

Bot Isaiah,

Nyumba imenyamaza hata mimi nasikia. Ndama anazunguka mlangoni akimtafuta mwenzake. Nimekuta soksi moja ya mtoto ndani ya kibuyu cha mursik, na sitakuuliza iliingiaje, kwa sababu nilikuwa nimeshakunywa.

Anaendeleaje? Amedai titi? Akidai mwonyeshe kikombe, usimwonyeshe huruma.

Sasa nina dai. Jumapili ilikuwa yangu pia, na nimeibiwa nusu yake. Mpumbavu gani aliniweka benchi la kulia, upande wa sikio bovu? Nilimwona mchungaji akifungua mdomo. Nikakuona wewe unasimama na kunyoosha sketi. Kisha watu wote wakageuka kuangalia nyuma, nami nikageuka, nikamwona amesimama mlangoni, mrefu kama mlingoti, kofia mkononi. Nilijua ni yeye kwa kule kukunja uso. Kisha kanisa likacheka. Wanawake wa kwaya wakafuta machozi kwa vitambaa. Nami nikacheka pia kwa sababu sikutaka nionekane kiziwi, lakini sijui nilicheka nini! Nimemuuliza jirani, anaanza kunieleza anacheka tena, hafiki mwisho.

Niandikie mwanzo hadi mwisho. Usiruke.

Kogo


Roret,
Jumamosi, 7 Septemba 2024

Mpendwa Kogo,

Bwana asifiwe, na safari hii nasema kwa meno yote nje. Isaiah mzima. Alidai titi siku tuliyofika, nikamwonyesha kikombe, akaniangalia kwa masikitiko kama mtu aliyenyimwa shamba la urithi, kisha akanywa. Nimetupa majani ya kabichi kwa mbuzi.

Sasa sikia.

Mchungaji alimaliza kusoma, akafunga Biblia, akasema kwa sauti, "Mama wa mtoto asimame." Basi. Ndivyo alivyosema tu. Nikasimama, mtoto mkononi. Niliona macho ya watu yananipita yanakwenda nyuma, nikafikiri labda sketi imepasuka. Mchungaji naye akamwangalia mwanamume aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia, "Nimesema mama wa mtoto." Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni asiyejua Kiswahili. Na sauti ikajibu kutoka nyuma, ile sauti iliyokuwa ikiniamsha niende shule, "Ndiye mimi."

Kogo, mchungaji ni mtu wenu. Nusu ya kanisa ni watu wenu. Mzee mmoja wa kanisa pale mbele akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Lakini ni kweli! Huyo ni mama!" Hapo ndipo kanisa lilipopasuka kwa kicheko. Mchungaji alishika mimbari akicheka, akasema, "Basi, mama wote wawili waje mbele."

Mimi sikucheka. Isaiah alikuwa amemwona. Alijinyonga mikononi mwangu mpaka nikamweka chini, akakimbia katikati ya mabenchi kwa viatu vile vipya vinavyoteleza, akaanguka, akainuka bila kulia, akamfikia, akamshika suruali. "Mama." Gichuki aliinama akamwangalia muda mrefu. Hakujua afanye nini na mikono yake. Mwisho akamvika ile kofia, ikamfunika hadi kidevuni, akambeba hivyo hivyo hadi mbele, na ndiyo maana mtoto wetu aliombewa akiwa gizani. Maneno ya maombi yenyewe siyakumbuki. Nakumbuka tu kaka yangu amesimama kando yangu, na ananukia saruji kama zamani.

Hayo ndiyo yaliyokupita. Mengine uliyaona: chai uliyompa wewe mwenyewe, na jinsi mlivyokaa nyuma ya nyumba ninyi wawili mkizungumza mpaka mukimo ukapoa. Alirudi amevimba macho. Sikumuuliza, nawe sikuulizi.

Lakini kuna moja hulijui. Jana alikuja hapa Roret. Hakupiga simu. Nilikuwa nafua, mikono ina povu, nikasikia pikipiki, nikamwona anashuka na ndoo. Ndani ya ndoo mna mfuko mdogo wa saruji, mchanga uliochekechwa na mwiko. Hakusalimu vizuri. Akauliza, "Ufa uko wapi?"

Nikasema, "Ufa gani?"

"Ule wa jikoni. Huyo mama mkwe wako ameniandikia kuna ufa umefunikwa na picha. Ufa hauachwi hivyo, Wakonyo, unaingiza maji."

Akaingia jikoni kama fundi aliyeitwa, akavua koti, akaiondoa picha ukutani, akaiweka juu ya meza bila kuitazama. Kisha akapapasa ukuta kwa kiganja, juu, chini, pembeni. Akagonga kwa kidole. Akasogeza uso karibu kabisa. Isaiah alikuwa amesimama chini yake, akionyesha picha kwa kidole, kisha akimwonyesha yeye, mama, mama, akishangaa wako wawili.

"Hapa hakuna ufa," akasema, bado ameupa ukuta uso.

Nikamwambia, "Najua."

Akashusha kiganja ukutani. Kisha akaichukua picha, akaipangusa kwa mkono wa shati ingawa haikuwa na vumbi, akaitundika palepale ilipokuwa. Akavuta kiti mezani, akaninyooshea kikombe.

Ndoo ya saruji bado iko mlangoni. Amesema tusiiguse, atarudi wiki ijayo, kwa sababu sakafu ya bafu hakuipenda.

Wako akupendaye,
Cate, Bot Isaiah